Valvu Inayosema Ukweli: Historia Fupi ya Kuutawala Mvuke

Mmezoea kunisoma hapa nikiandika kuhusu programu, seva na simu za mkononi. Leo tuviweke kando kidogo tuzungumze kuhusu kipande cha chuma kinachoitwa valvu. Usikimbie! Valvu ya mvuke ni kaka mkubwa wa programu tunazoandika sisi. Imepewa sharti moja tu: presha ikizidi kiwango hiki, fungua, ikishuka, funga. Haina kompyuta ndani yake, ni springi na sahani ya chuma basi. Na bado, kwa zaidi ya miaka 300, sharti hilo dogo limekosewa kwa njia zilizoua watu na kuharibu mitambo ya mamilioni ya dola.

Ukienda kununua valvu, mwuzaji atakutajia aina ya chuma, kipenyo cha bomba, bei na nchi ilikotengenezwa. Yote hayo ni muhimu. Lakini ukiisoma historia utakuta valvu ya kuaminika ina sifa tatu ambazo hazijaandikwa kwenye bei. Haichezewi ovyo. Ikiharibika, huharibika kuelekea upande wa usalama. Na inasema ilichofanya, si ilichoambiwa ifanye. Kila sifa kati ya hizo watu waliigundua baada ya msiba. Tuzichukue moja moja.

Kwa nini mvuke upunguzwe?

Kwanza tuelewane jambo hili. Tuseme una kiwanda cha maziwa chenye boila inayotoa mvuke wa bari 10 juu ya presha ya hewa ya kawaida. (Bari moja ni karibu sawa na uzito wa hewa inayotukandamiza tukiwa pwani.) Mvuke huo una joto la nyuzi 184 hivi. Sufuria kubwa ya kupashia maziwa haihitaji wala haiwezi kustahimili presha hiyo. Pengine bari 1 yatosha, ambapo mvuke una nyuzi 120.

Mbona basi boila isitengeneze mvuke wa bari 1 moja kwa moja? Sababu ni nafasi. Kilo moja ya mvuke wa bari 10 hujaza mita za ujazo 0.18 hivi. Kilo hiyo hiyo kwa bari 1 hujaza 0.88, karibu mara tano. Ukisafirisha mvuke wa presha ndogo kutoka boila hadi mwisho wa kiwanda utahitaji mabomba manene kama magogo. Kwa hiyo mvuke husafirishwa ukiwa umebanwa, kisha hupunguzwa karibu na pale unapotumika. Ni kama umeme: husafiri kwa volti nyingi, transfoma ikaupunguza mtaani kwako.

Kazi hiyo ya transfoma ndiyo kazi ya valvu ya kupunguza presha. Kandoye huwekwa bomba la kupita pembeni, ambalo mafundi huliita baipasi, kama zile barabara za Nairobi. Valvu kuu ikitolewa kutengenezwa, mvuke hupitia huko. Na mahali fulani mbele huwekwa valvu ya usalama, ile ya kuokoa maisha wengine wote wakishindwa. Ni hiyo ya mwisho iliyozaliwa kwanza.

Chungu cha Papin

Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wanasayansi wa Royal Society mjini London chungu cha chuma chenye kifuniko kilichokazwa kwa skrubu. Mvuke ulibanwa ndani, joto likapanda kupita lile la maji yanayochemka kawaida, na hata mifupa ikalainika. Mwaka 1682 wanachama wa Royal Society walikula chakula kilichopikwa kwa chungu hicho. Ukipika maharagwe kwa presha kuka leo, unatumia wazo lake.

Papin alijua chungu kilichofungwa kabisa ni bomu. Katika maelezo aliyochapisha mwaka 1681 alitoboa tundu dogo, akaliziba kwa kizibo kilichokandamizwa na wenzo wenye uzito. Presha ni nguvu ikigawanywa kwa eneo, kwa hiyo ukijua ukubwa wa tundu na uzito uliotundika, unajua ni presha gani itakayokiinua kizibo. Hesabu ya darasani tu! Hapo ndipo sharti letu la "ikizidi, fungua" lilipopata mwili wa chuma.

Lakini angalia: uzito uko nje, kwenye wenzo, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuusogeza.

Mkono wa binadamu

Karne moja na ushee baadaye, Richard Trevithick wa Cornwall, Uingereza, alianza kutengeneza injini za mvuke wa presha kubwa. James Watt, aliyekuwa na sifa na hataza zake, alizipinga kwa kuziita za hatari. Tarehe 8 Septemba 1803 boila moja ya Trevithick ililipuka huko Greenwich na kuua watu wanne. Kijana aliyekuwa akiitunza alikuwa ameondoka kwenda kuvua samaki, akamwachia kibarua. Kibarua aliisimamisha injini, lakini wenzo wa valvu ulikuwa umekazwa usiweze kufunguka. Mvuke ukakosa pa kwenda.

Wapinzani walifurahi. Trevithick hakurudi nyuma, ila alibadilisha muundo: aliamua kuweka valvu mbili za usalama badala ya moja, na kizibo cha risasi kwenye ukuta wa boila ambacho kingeyeyuka chenyewe maji yakipungua mno. Yaani hakuandika onyo kubwa zaidi ukutani wala kumlaumu kijana. Aliweka ngao ya pili isiyotegemea tabia ya mtu.

Somo hilo halikufika kote. Mwaka 1831 huko South Carolina, Marekani, boila ya treni iitwayo Best Friend of Charleston ililipuka. Mchochea moto alikuwa amechoshwa na kelele ya mvuke ukitoka kwenye valvu ya usalama, akaizuia. Alikufa yeye mwenyewe. Sisi tunaoandika programu tunamjua huyu. Ndiye anayezima maonyo ya seva kwa sababu yanamsumbua usiku.

Jibu zuri kabisa lilitoka kwa John Ramsbottom, mhandisi wa reli Uingereza, mwaka 1855. Aliweka valvu mbili sambamba, juu yake wenzo mmoja, na katikati springi moja inayouvuta wenzo huo chini ili uzikandamize zote mbili. Dereva akiukandamiza mkia wa wenzo ili abane mvuke zaidi, valvu moja inabanwa na nyingine inalegea. Ujanja wake wenyewe unafungua mlango wa pili. Hakuna kufuli wala askari. Umbo la kifaa ndilo linalokataa. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza: valvu ya kuaminika haichezewi ovyo.

Mkono unapochoka

Hadi hapo tumezungumzia valvu za kuachilia tu. Kupunguza presha na kuishikilia pale pale, saa baada ya saa, mara nyingi kulikuwa kazi ya mtu. Katika mji wa Marshalltown, jimbo la Iowa, pampu za maji ya mji ziliendeshwa kwa mvuke. Ulipozuka moto mkubwa, William Fisher alilazimika kukaa kwenye pampu akifungua na kufunga mvuke kwa mkono, usiku na mchana, ili presha ya maji ya wazima moto isiyumbe. Mwaka 1880 alitoka na kifaa kilichofanya kazi hiyo chenyewe: presha ya maji ilisukuma kifaa, kifaa kikaongeza au kupunguza mvuke unaoingia kwenye pampu. Presha ikishuka mvuke unaongezwa, ikipanda unapunguzwa. Kampuni iliyotokana na kifaa hicho ingali inatengeneza valvu hadi leo.

Valvu ya kupunguza presha ya kawaida hufuata wazo hilo hilo. Ndani kuna kiwambo chembamba cha chuma. Juu yake springi inasukuma valvu ifunguke. Chini yake presha ya mvuke uliokwisha kupunguzwa inasukuma ifunge. Wawili hao wakilingana nguvu, presha imetulia. Ukizungusha skrubu ya springi, umebadilisha kiwango.

Sasa jiulize swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: kiwambo kikipasuka je? Katika aina rahisi, ile ya springi na kiwambo pekee, presha iliyokuwa ikiisukuma springi inapotea, springi inabaki peke yake na kuifungua valvu wazi kabisa. Mvuke wote wa bari 10 unaingia kwenye sufuria ya bari 1. Katika aina nyingine, valvu kuu hushikiliwa wazi na mvuke unaoletwa na valvu ndogo ya kuongoza. Hapo kiwambo kikuu kikipasuka, valvu kuu hufunga. Dukani zote mbili zinaitwa valvu za kupunguza presha. Siku ya kuharibika, moja inakusimamishia kazi na nyingine inakulipulia sufuria. Hiyo ndiyo sifa ya pili.

Baipasi: mlinzi anayelala mwaka mzima

Baipasi zina sura mbili. Ya kwanza ni ile ndogo ya mkono niliyoitaja, pembeni mwa valvu ya kupunguza. Ya pili ni kubwa, kwenye mitambo ya umeme. Turbini inapokatika ghafla, boila haiwezi kuacha kutoa mvuke papo hapo. Mvuke lazima upate njia, na valvu ya baipasi hufunguka kwa sekunde chache kuupeleka moja kwa moja kwenye chombo cha kuupoza, huku ukipunguzwa presha na kunyunyiziwa maji ushuke joto.

Ugumu wa valvu hii ni kwamba kazi yake ya kila siku ni kutofanya chochote. Hukaa imefungwa miezi na miezi, chuma kikitanuka na kusinyaa, kisha siku moja inatakiwa iamke kwa sekunde mbili tatu. Ni kama nakala ya akiba ya data ambayo hakuna aliyewahi kujaribu kuirudisha. Ikivuja kidogo tu, mvuke wenye kasi huchonga kingo za chuma kama kisu, na kesho inavuja zaidi.

Taa iliyodanganya

Sasa tufike Pennsylvania, Marekani, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island. Kinu cha nyuklia nacho ni boila, moto wake tu ndio wa namna nyingine. Tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri, pampu za kupeleka maji kwenye mitambo ya kutengeneza mvuke zilisimama katika kinu cha pili. Turbini ilikatika, presha ndani ya mfumo wa kinu ikapanda. Valvu ya kuachilia presha, iliyowekwa ifunguke kwenye bari 155 hivi, ilifunguka kama ilivyotakiwa. Kinu kikajizima. Presha ikashuka. Valvu ikatakiwa kufunga.

Haikufunga. Ilikwama wazi.

Katika chumba cha kuongozea mitambo kulikuwa na taa ya valvu hiyo. Taa ilizimika. Wahudumu wakaona: imefungwa. Kumbe taa ile haikuunganishwa na valvu yenyewe. Iliunganishwa na umeme unaoiamuru valvu. Taa kuzimika kulimaanisha tu kwamba amri ya kufungua imeondolewa. Kama chuma kimetii au hakikutii, taa haikujua.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Mwenye duka anayepokea malipo kwa M-Pesa hakupi unga kwa sababu umesema "nimetuma." Anangoja ujumbe uingie kwenye simu yake mwenyewe. Kila muuza mboga anajua tofauti ya kutuma na kupokea. Wahandisi waliochora meza ile ya kuongozea walimpa mhudumu neno "nimetuma" na kumwacha aamini kuwa imefika.

Ushahidi mwingine ulikuwepo. Bomba lililotoka kwenye valvu lilikuwa na kipima joto, nacho kilionyesha joto kubwa. Lakini valvu ilikuwa ikivuja kidogo hata kabla ya siku hiyo, kwa hiyo joto kwenye bomba lile lilikuwa limezoeleka. Zaidi ya maonyo 100 yaliwaka katika dakika za mwanzo. Kompyuta iliyokuwa ikichapisha maonyo hayo kwenye karatasi ilizidiwa, ikawa nyuma ya matukio kwa zaidi ya saa moja. Wahudumu, wakidhani mfumo umejaa maji kupita kiasi, walipunguza maji ya dharura yaliyokuwa yakiuokoa. Saa 12 na dakika 22 asubuhi ndipo mtu alipofunga valvu ya akiba iliyokuwa kwenye bomba hilo hilo. Ilikuwa imepita saa mbili na dakika 22. Karibu nusu ya kiini cha kinu kilikuwa kimeyeyuka.

Hakuna aliyekufa siku ile, lakini kazi ya kusafisha iliendelea hadi mwaka 1993 na kugharimu karibu dola bilioni moja. Kinachouma zaidi ni kwamba jambo hilo lilikuwa limeshatokea. Tarehe 24 Septemba 1977, katika kinu cha Davis-Besse jimboni Ohio, valvu ya namna hiyo ilikwama wazi. Bahati nzuri kinu kilikuwa kikiendeshwa kwa nguvu ndogo, na wahudumu waling'amua baada ya dakika 20 hivi. Mapema mwaka 1978 mhandisi Bert Dunn wa Babcock & Wilcox, kampuni iliyojenga vinu vyote viwili, aliandika barua ya ndani akionya kuwa wahudumu wanaweza kukatiza maji ya dharura mapema mno. Onyo hilo halikuwafikia wahudumu wa Three Mile Island. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ulikuwa ukuta wa dola bilioni moja.

Baada ya hapo Tume ya Nyuklia ya Marekani iliagiza valvu hizo ziwe na kifaa cha kuonyesha hali yake halisi, si amri iliyotumwa. Sifa ya tatu ikawa imeandikwa.

Maji, adui asiyeonekana

Kuna msiba mmoja zaidi wa kuutaja, maana unatuonya tusiitazame valvu peke yake. New York imesambaza mvuke chini ya barabara zake tangu mwaka 1882. Tarehe 18 Julai 2007 bomba lililowekwa mwaka 1924 lilipasuka karibu na Lexington Avenue. Mtu mmoja alifariki na makumi wakajeruhiwa. Mvua kubwa ilikuwa imelipoza bomba, mvuke ukageuka maji ndani, na vifaa vya kutolea maji hayo vilikuwa vimezibwa na gundi iliyotumika kuziba mvujo. Mvuke ulipokutana na maji yale, yakarushwa kama nyundo.

Valvu nzuri ya kupunguza presha ikiwekwa kwenye bomba lisilotolewa maji itapigwa nyundo hiyo hiyo kila asubuhi boila inapowashwa.

Unapokwenda kununua

Sasa turudi kwetu. Viwanda vyetu vya chai huko Kericho na Nandi hupasha hewa ya kukaushia majani kwa mvuke wa boila. Olkaria imekuwa ikizalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka boila na vyombo vya mvuke vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Kwa hiyo haya si mambo ya ng'ambo tu. Ukipewa kazi ya kuchagua valvu, historia inakupa maswali haya:

1. Nimepima mvuke au nimepima bomba? Valvu huchaguliwa kwa kilo za mvuke kwa saa, si kwa kipenyo cha bomba lililopo. Iliyo kubwa mno hufanya kazi ikiwa imefunguka unywele tu, ikatetemeka na kujichonga.

2. Ikivunjika itaelekea wapi? Mwulize mwuzaji kuhusu kiwambo, springi, na hewa ya kuiendesha ikikatika. Akikosa jibu, usinunue kwake.

3. Valvu ya usalama iliyo mbele inaweza kubeba mvuke wote iwapo valvu ya kupunguza imekwama wazi? Na iwapo mtu ameacha baipasi wazi je? Baipasi ya mkono ifungwe kwa kufuli, na ikitumika pawe na mtu na kipima presha mbele yake.

4. Taa yangu inasoma nini? Swichi iwe kwenye mti wa valvu unaosogea. Halafu pata shahidi wa pili, yaani joto au presha ya upande wa pili. Na ikianza kuvuja itengenezwe, maana valvu inayovuja humfanya shahidi huyo apuuzwe.

5. Kuna chujio na kifaa cha kutoa maji kabla ya valvu?

6. Mara ya mwisho ilisogezwa lini? Valvu ya dharura ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

Watu husema ajali haina kinga. Pengine kuna zisizo na kinga. Lakini hizi nilizosimulia, kuanzia wenzo wa Greenwich hadi taa ya Pennsylvania, kila moja ilipata kinga yake, ikachorwa, ikachongwa kwa chuma na kuuzwa dukani. Kazi iliyobaki ni yetu sisi tunaonunua, na tunaoandika programu za kuziongoza valvu hizo: tukichora taa ya kijani kwenye skrini, tuhakikishe imetoka kwenye chuma.